Posho ya Shahidi

Nasambu hakupenda kufanyiwa kitu bure. Jirani akimbebea mtungi wa maji kutoka bombani, alilipwa papo hapo. Akikataa hela, kesho yake shati lake lilirudishiwa vifungo bila kuombwa. Wapangaji wote wa ploti yake pale Kayole, Nairobi, walikuwa wakimcheka. "Huyu mama msimsalimie ovyo," walisema, "atawatafutia chenji." Naye hakujali. Fundi gani wa nguo asiyejua uchungu wa kazi ya bure? Mtu anakuja na kitambaa, anapimwa, anashonewa, anajigeuzageuza mbele ya kioo, kisha anasema, "Imenikaa vizuri sana, mama, nitapitia mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi unafika, na mtu yule yule anakupita ng'ambo ya barabara akitazama mawingu. Nasambu alifanyiwa hivyo hata na mwalimu wa watoto kanisani. Akaapa kwamba yeye hatamfanyia mtu mwingine hivyo, na kiapo hicho alikishika.

Na hicho ndicho kilichommaliza. Wezi walikuja kweli, lakini wezi hawakummaliza.

Alizaliwa Muthurwa, kwenye zile nyumba za reli, chumba kimoja ukoo mzima. Baba yake alikuwa fundi wa mabehewa. Alipostaafu, kabla hajarudi kwao Kimilili, alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akamnunulia bintiye cherehani ya miguu. Wenzake walimwambia amechanganyikiwa, mtoto wa kike ataolewa aende nayo kwa watu. Mzee akacheka tu. Akatia msumari kwenye jiko mpaka ukawa mwekundu, akachoma jina la Nasambu upande wa chini wa meza ya cherehani, mahali pasipoonekana ila na mtu anayeinama. "Hii si ya mume wako," akamwambia. "Hii ni yako."

Mume naye alipatikana, Shiundu, kibarua wa kiwandani. Kiwanda kilipopunguza watu, alisema anakwenda Eldoret kuangalia kazi. Hakufa, hakuomba talaka, hakuandika barua. Alienda hivyo tu. Nasambu akabaki na binti mmoja, Nafula, na cherehani yake. Akapanga kibanda cha mabati pale Kayole, ubavuni mwa duka la vitambaa la Shamso, au Mama Iqra kwa majirani, mama wa Kisomali mzaliwa wa Eastleigh, mwenye maneno makali na mkono mwepesi wa kusaidia. Shamso aliuza kitambaa, Nasambu akakishona. Sare za shule ndizo zilizowalipia kodi. Januari ikikaribia, ungemkuta Nasambu amezama kwenye marundo ya kaptura na sketi, nyuzi nywelani, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti isiyokuwa nzuri hata kidogo.

Basi, mwaka ule wa mvua za El Niño, Jumapili moja akiwa kanisani, watu walikata kufuli ya kibanda wakaibeba cherehani, meza na yote. Aliporudi alikuta tope la viatu na uzi mwekundu umetandazwa mpaka barabarani. Alikaa chini kwenye tope lile lile na Biblia mkononi, akalia kwa sauti, watu wakidhani amefiwa.

Kituoni kwa polisi walimwambia alete karatasi ya kuandikia taarifa. Akanunua. Halafu wakamwambia aende nyumbani asubiri. Wewe unajua maana ya kusubiri, na Nasambu pia alijua. Lakini siku ile alikuwepo konstebo mmoja, Opicho, mtu mrefu mwenye sare iliyopauka, wa upande wa Busia, asiyependa maneno mengi. Huyu alifanya jambo ambalo Kayole haijazoea: alitafuta. Alizunguka kwenye tope lile na viatu vinavyovuja, akaingia duka baada ya duka la vitu vya mtumba, mpaka akafika kwa Bedan.

Bedan aliuza makochi, vitanda na mashine zilizokwishatumika. Alikuwa mcheshi, mnene kidogo, mtu wa kuwaita wanawake wote "mama yangu". Nje ya duka lake Opicho aliiona mashine, bila meza, imepakwa rangi mpya mpaka inang'aa. Akaenda hadi stoo ya nyuma. Huko, chini ya magodoro, aliikuta meza. Akainama, kama Nasambu alivyomweleza, akaangalia chini yake, akasoma: NASAMBU.

Sasa sikiliza lilipoharibikia. Gari la kituo halikuwa na mafuta. Opicho alikuwa peke yake na mkokoteni mmoja wa kuazima. Alichukua mashine, kwa sababu mashine ndiyo mali, akamwambia Bedan, "Hiyo meza usiiguse, ninairudia." Aliporudi, stoo ilikuwa imefagiwa. "Meza ipi, afande?" Bedan aliuliza, na akamkaribisha chai.

Kwa hiyo ulimwenguni mzima alibaki mtu mmoja tu aliyeona meza yenye jina na mashine ile mahali pamoja, naye ni konstebo Opicho. Bedan alishtakiwa kwa kupokea mali ya wizi. Alileta risiti ya mnada ya mashine, risiti safi, na wakili mwenye tai. Mashine ikafungwa kibandiko cha kielelezo, ikawekwa stoo ya kituo katikati ya magunia ya bangi na baiskeli zisizo na magurudumu. Nasambu aliambiwa ataipata kesi ikiisha. Siku moja aliomba aingie aitie mafuta isije ikashika kutu. "Kielelezo hakiguswi, mama," akajibiwa. Alirudi nyumbani na kile kichupa cha mafuta, na njiani alitukana kwa Kibukusu matusi aliyokuwa hajayatumia tangu Muthurwa.

Kesi ilipoanza kuitwa, Opicho alikuwa akifika. Alitoka zamu ya usiku, akaja kortini moja kwa moja, akaketi kwenye benchi la ukumbini akasinzia ameegemea ukuta. Siku hiyo hakimu aliugua. Wakaambiwa warudi. Wakarudi, faili haikuonekana. Wakarudi tena, wakili wa Bedan alikuwa na kesi nyingine mahali pengine. Kila mara ilikuwa siku ya mapumziko ya Opicho, na kila mara alipanda gari kwa hela yake. Nasambu aliona haya. Alimnunulia chai na mandazi kwa mama mmoja nje ya lango.

"Kwani hamlipwi kwa siku za korti, afande?" alimuuliza.

Opicho alipuliza chai yake. "Mama, serikali inanijua nikishika bunduki. Nikishika Biblia kizimbani, hainijui."

"Lakini kuna posho ya shahidi. Watu wanasema."

"Ipo. Imeandikwa. Ukienda kuidai unaambiwa kasma imekwisha, njoo mwaka wa fedha ujao." Akatabasamu kidogo. "Ndiyo maana wenzangu hawaji. Si kwamba wamehongwa wote, mama. Wengine wamelala tu. Wamechoka."

Nasambu alienda nyumbani na neno hilo likimchoma. Mtu anamtetea, na mtu huyo anafanya kazi ya bure! Aliliona jambo hilo kuwa dhambi, na dhambi yenyewe ni kana kwamba ilikuwa yake.

Halafu Opicho akahamishwa. Kaskazini kabisa, mbele ya Lodwar, mahali ambapo gari linafika likitaka. Kesi ikaitwa, shahidi hayupo. Ikaitwa tena, shahidi hayupo. Wakili wa Bedan akasimama akaomba mteja wake aachiliwe, biashara yake inaumia. Hakimu, bwana mmoja wa miwani, mkali lakini si mtu mbaya, akasema anaahirisha kwa mara ya mwisho. Siku ile ikifika bila shahidi, kesi imekwisha, na mashine itarudi kwa aliyenyang'anywa. Yaani kwa Bedan.

Nasambu alimfuata kiongozi wa mashtaka ukumbini, inspekta mmoja mwenye mafaili hadi kidevuni. "Bwana inspekta, mtamleta?"

"Kwa gari gani, mama? Kwa hela gani?" Inspekta hakusimama. "Kama unamtaka mtu wako, mlete mwenyewe."

Kumbuka neno hilo. Nasambu alilikumbuka, inspekta hakulikumbuka.

Wakati huo alikuwa akishona kwa mashine ya kukodi, ya mwanamke mmoja aliyekwenda kujifungua kwao. Angerudi wakati wowote kuichukua. Nafula alikuwa anamaliza darasa la nane, mtoto mwerevu, na shule ya sekondari haimngojei mtu. Nasambu akapeleka shida yake kwa akina mama wa chama cha kanisa.

Walikutana kwa Asenath, mwekahazina, mke wa fundi seremala. Watu walimwita Mama Wekulo kwa jina la kifungua mimba wake. Mama Wekulo alikuwa mwanamke wa kusema na kutenda. Shamso naye aliitwa, ingawa si wa kanisa, kwa sababu jambo la Nasambu lilikuwa lake pia. Walikunywa chai ya maziwa, wakasikiliza mpaka mwisho, wakasonya kwa pamoja.

"Afande amepiga simu kituo chake cha zamani," Nasambu alisema. "Ana likizo. Anakubali kuja. Nauli ndiyo hana."

"Basi ni jambo dogo," alisema Mama Wekulo. "Maiti ngapi tumezisafirisha sisi hapa kwenda Bungoma na Kakamega? Huyu ni mzima! Tunachanga Jumapili."

Shamso aliweka kikombe chini. "Dada zangu, subirini. Mnachanga wapi?"

"Kanisani. Mbele ya watu."

"Wallahi mmerogwa. Hela ya karao, hela ya polisi, haitangazwi. Nasambu, mpe mkononi, wewe na yeye, mlango umefungwa, halafu mdomo wako uushone na uzi wako mwenyewe. Mimi nitakuongezea."

Mama Wekulo alivimba. "Hiyo ndiyo hongo, Mama Iqra! Kitu cha kichochoroni ndiyo hongo. Sisi hatutoi kitu kidogo. Sisi tunatoa nauli, mchana, na maombi juu yake. Mungu anaona, watu wanaona. Aliye na neno aseme."

Akina mama wakaitikia. Lilikuwa na mantiki, usicheke. Katika mtaa ambao kila hela ya polisi hupita gizani, wao waliamini kwamba ikipita mwangani inakuwa safi. Nani angewaambia vingine? Kila walichowahi kuchanga, matibabu, karo, jeneza, kilichangwa hadharani na jina la mtu likasomwa, na hakuna siku uwazi uliwahi kumdhuru yeyote.

Kisha Nasambu akaongeza lake.

"Na siku zake?" alisema. "Tumpe nauli tu kama gunia la mahindi? Mtu anatumia likizo yake. Ana watoto. Mara ngapi amekuja kortini bure kwa ajili yangu? Lazima tumpe posho ya siku zake za korti. Kama serikali haimlipi, mimi ninamlipa."

"Huyo ndiye Nasambu wetu," mmoja akasema, na wote wakacheka, wakakubali. Shamso peke yake hakucheka. Aliinuka, akatoa noti kwenye kibindo chake, akaiweka mezani. "Mimi nimesema," alisema, akaenda zake dukani.

Opicho alifika Jumamosi, mwekundu kwa vumbi, amekonda. Jumapili wakampeleka kanisani. Lo! Hawakumficha kabisa. Alisimamishwa mbele, na mchungaji akamtambulisha kwa kipaza sauti ambacho spika yake ilikuwa juu ya paa ili wanaolala na dhambi zao nao wasikie. "Huyu ndiye afande aliyemtafutia dada yetu mali yake! Ametoka jangwani kuja kusema ukweli! Na sisi hatutamwacha hivi hivi!" Makofi, vigelegele. Nasambu mwenyewe akampa bahasha, mikono miwili, akipiga goti kidogo.

"Mama, hii si lazima," Opicho alinong'ona. "Nauli ilitosha."

"Chukua, afande. Ni jasho lako."

Alisitasita. Kisha akatazama viatu vyake, akaichukua. Nasambu alikuwa na furaha siku hiyo ambayo hakuwa nayo tangu cherehani iibwe. Alijiona ametimiza haki ya mtu. Walipotoka, Shamso alikuwa mlangoni pa duka lake, mikono kiunoni. "Nimesikia kila kitu kutoka hapa," alisema. "Mmemtangaza kama bwana harusi." Nasambu akamwambia ana roho mbaya. Siku nzima hawakusemezana.

Siku ya kesi korti ilijaa. Akina mama walikuja na leso zao, wakaketi safu nzima. Mashine ililetwa, ikawekwa mezani mbele ya karani, na Nasambu alipoiona imeota kutu kwenye gurudumu alitamani kuipangusa na kitenge chake. Opicho alipanda kizimbani, akaapa, akasema. Alisema vizuri, taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Stoo ya nyuma, magodoro, meza, jina. Matundu ya misumari ya meza yalivyolingana na mashine. Hakimu aliandika, akainua kichwa, akaandika tena. Bedan alikuwa akijifuta jasho shingoni. Mama Wekulo alimfinya Nasambu paja. Tumeshinda, kidole kile kilikuwa kikisema.

Wakili akasimama. Aliuliza maswali mawili matatu ya kawaida kuhusu mvua na mkokoteni. Kisha akavua miwani.

"Konstebo, wewe unafanya kazi wapi sasa?"

"Mbele ya Lodwar."

"Nani alikulipia nauli kuja hapa? Serikali?"

Nasambu aliona Opicho akimtafuta kwa macho kwenye safu ya leso. Useme serikali, aliomba moyoni, na hapo ndipo alipoanza kuogopa. Sema serikali, sema mshahara wako, sema chochote.

"Ni mlalamishi," Opicho alisema. "Na kanisa lake."

"Nauli tu?"

"Nauli na... posho."

"Posho ya nini, konstebo?"

Opicho alishika ukingo wa kizimba. "Ya siku zangu za kusimama hapa."

Watu walicheka. Korti nzima, hata askari wa mlangoni, hata karani. Wakili hakucheka. Aligeuka polepole akamtazama hakimu, akasema mteja wake anaweza kuleta mashahidi hamsini waliosikia malipo hayo yakitangazwa juu ya paa la kanisa. Kisha akaketi.

Hakimu alimwuliza kiongozi wa mashtaka kama alijua. Inspekta alisimama na mafaili yake. Alisema hapana, mheshimiwa, ofisi yake haikujua, na kama ingejua isingekubali. Alisema hivyo bila hata kupepesa jicho, yule yule aliyesema mlete mwenyewe.

Hukumu ilitoka baada ya chakula cha mchana. Hakimu alisoma kwa Kiingereza, na karani akatafsiri kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. Kwamba ushahidi wa pekee wa kuunganisha mashine na meza ni wa shahidi aliyelipwa na mlalamishi. Kwamba nauli peke yake huenda ingesameheka, lakini posho ni malipo ya kusema. Kwamba korti haiwezi kumfunga mtu kwa maneno yaliyonunuliwa. Kwamba mshtakiwa yuko huru na kielelezo kirudi kwake. Kwamba mlalamishi ashukuru hatashtakiwa, kwa kuwa inaonekana alifanya hivyo kwa ujinga.

Kwa ujinga! Nasambu alisimama kabla Mama Wekulo hajamvuta.

"Mheshimiwa, mimi sikumnunua," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Nilimlipa siku zake. Amekuja hapa kwenu mara nyingi, na nyinyi mkamrudisha, na hakuna aliyemlipa hata ya soda. Kazi ni yenu. Nyinyi ndio mlikuwa mumlipe. Mimi nimewalipia deni lenu, na sasa mnaniita mjinga?"

Karani hakutafsiri. Hakimu alikijua Kiswahili, amezaliwa humu humu nchini kama sisi. Lakini mle ndani kisichotafsiriwa hakikusemwa. Alifunga faili. "Aketi," alisema, na hilo karani alilitafsiri.

Nje ya lango Opicho alimsubiri kwa mbali kidogo, bahasha mkononi. Inspekta alikuwa amekwishamwambia asiondoke, kuna maelezo ya kuandika. "Mama, chukua hii yako," alisema.

"Ungesema uongo mmoja!" Nasambu alimfokea, mate yakimtoka. "Mmoja tu! Wenzako wanasema mia kila siku!"

"Nilikuwa nimeapa, mama."

"Kwa hiyo kiapo chako ndicho kitamsomesha mtoto wangu?"

Opicho alimnyooshea bahasha tena. Nasambu alimchukia siku hiyo, alimchukia kwa moyo wote, na aliichukua ile bahasha akairarua mbele yake, hela na karatasi, akazitupa mferejini, na machokora, wale watoto wa mitaani, wakaingia mferejini mbio. Baadaye watu walimletea habari kwamba Opicho alivuliwa sare. Hapo chuki ilikuwa imeshaisha, lakini hakuwa na mahali pa kupeleka pole.

Bedan naye alitoka, mashine imebebwa na vijana wake wawili. Alimpita Nasambu, akarudi. "Mama yangu," alisema, na wala hakuwa akikejeli, hilo ndilo lililouma, "mimi sina ubaya nawe. Biashara ni biashara. Mashine ninayo, fundi sina. Januari hiyo inakuja. Ukitaka kazi, mlango u wazi." Nasambu alimtemea mate miguuni.

Jumapili iliyofuata Mama Wekulo alisimama kanisani kabla ya sadaka. Macho yamemvimba. Alisema shetani ameshinda raundi moja, lakini wao bado wapo. Wangechanga upya, dada yao anunuliwe cherehani nyingine, mpya kabisa. Watu wakaanza kupiga makofi. Nasambu akainuka katikati ya makofi hayo.

"Msinichangie," alisema. "Nawaomba. Msinichangie tena kitu chochote, maisha yangu yote." Akatoka, na spika ya juu ya paa ikabaki ikivuma bila mtu wa kusema.

Shamso hakumwambia "nilikuambia". Alimletea chakula jioni ile, akakaa naye, akamwambia kitambaa kipo, achukue kiasi anachotaka, atalipa akishona. Lakini akishonee wapi? Mwenye mashine ya kukodi alirudi na mtoto mgongoni akaichukua. Krismasi ikapita. Nafula akaitwa shule ya bweni ya wasichana, akairukia shingo ya mama yake, kisha akamwona uso, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Juma la kwanza la Januari akina mama walianza kupita dukani kwa Shamso wakiuliza yuko wapi fundi wa sare. Shamso aligeuza kichwa kuelekea chini barabarani.

Mama Wekulo alikwenda. Alipita makochi na vitanda, akafika mlangoni pa kile chumba cha pembeni ambacho Bedan alikuwa amekitoboa dirisha moja dogo. Nasambu alikuwa ndani, ameinama, kanda ya kupimia shingoni, rundo la kaptura za bluu upande huu na rundo jingine upande ule. Mashine ilikuwa imewekwa juu ya meza mpya ya mbao za sanduku. Alikuwa ameisugua kutu yote. Ilikuwa ikienda vizuri. Bedan alikuwa nje akimwambia mteja kwamba hapa kwake ana fundi bora Kayole nzima, na kila kaptura aliisema bei yake kwa kelele.

Mama Wekulo alisimama pale mlangoni na mikono kichwani. Alitaka kusema samahani, alitaka kusema ni mimi niliyekataa maneno ya Mama Iqra, ni mimi niliyekuponza. Machozi yalimtangulia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mpaka mteja wa nje akageuka kuangalia.

Nasambu hakuacha kukanyaga. Alimalizia mshono aliokuwa nao, akakata uzi kwa meno, akachukua kaptura nyingine kwenye rundo.

"Mama Wekulo," alisema, "sogea hapo mlangoni. Unaniziba mwanga."